Tequila: Nani Hula Pesa ya Ile Shoti Yako? Stori Yote, Kutoka Shamba la Agave Hadi Kangundo

Ijumaa usiku, Kangundo. Mshahara umeingia, mbogi imekaa, msee mmoja ameamua leo ni yeye na anaitisha raundi ya tequila. Chumvi kwa mkono, shoti chini, ndimu kwa meno, uso unajikunja kaa umeona landilodi. Sekunde tatu, imeisha.

Sasa cheki. Hiyo keroro umemaliza kwa sekunde tatu ilitoka kwa mmea uliokaa shambani Meksiko kati ya miaka mitano na minane. Kuna mkulima aliupanda ukiwa shule ya msingi na bado hajui kama atalipwa. Na asubuhi ukienda ocha na kichwa inagonga, ule mmea wa majani makali kaa panga umezunguka boma ya susu wako ni binamu yake kabisa.

Hii hapa stori yote: tequila ni nini, inatengenezwa aje, nani anainunua, doo inaishia wapi, na kwa nini mtu wa Kangundo anafaa kujua hii maneno kabla auziwe miche.

Tequila ni nini hasa?

Kwanza, Tequila ni mji. Uko jimbo la Jalisco, Meksiko, karibu kilomita 60 kutoka jiji kubwa la Guadalajara. Yaani umbali unaokaribiana na ule wa Kangundo na Nairobi. Kinywaji kilichukua jina la mji, na saa hii hakuna mtu hajaskia huo mji hata kama hajui uko upande gani wa dunia.

Pili, si kila pombe ya agave ni tequila. Agave ziko aina nyingi sana, lakini tequila inakubaliwa kutoka aina moja tu: agave ya buluu, ile wataalamu wanaita Agave tequilana Weber. Pombe za agave zingine nyingi Meksiko zinaitwa mezcal. Ule mdudu watu husema anakaa ndani ya chupa ya tequila? Hakuna. Huyo huwekwa kwa chupa zingine za mezcal.

Tatu, kuna tequila na kuna tequila. Sheria ya Meksiko inasema angalau asilimia 51 ya sukari iliyochachuka iwe ya agave. Hiyo ingine 49 inaweza kutoka kwa miwa ama mahindi. Ile safi huandikwa kwa lebo "100% agave". Ikikosa hayo maneno, jua umeuziwa mchanganyiko. Si sumu, ni ya bei ya chini tu.

Kutoka shambani hadi chupani

Agave ya buluu haipandwi kwa mbegu. Mmea mkubwa unatoa watoto pembeni kaa migomba, hao ndio wanang'olewa na kupandwa upya. Kwa hivyo shamba zima ni kaa mapacha, damu moja. Hiyo ni rahisi kwa mkulima lakini ni hatari, juu ugonjwa ukiingia unaangusha wote. Kuelekea mwaka 2000 magonjwa na baridi kali vilimaliza mashamba mengi Jalisco, agave ikakosekana na bei ikapaa.

Ukikomaa, anakuja fundi anaitwa jimador. Ana jembe refu lenye kichwa cha duara na makali, anakata majani yote hadi ibaki roho ya mmea. Wao huiita piña, yaani nanasi, juu inafanana nalo kabisa, tofauti ni kwamba hili nanasi linaweza kufika kilo 40 na kupita. Ni mavuno ya mara moja. Kahawa ya Kangundo ukiishaivuna, mwaka ujao inakupa tena. Agave ukiivuna, imekufa. Unaanza upya na unangoja tena miaka sita.

Piña inapikwa kwa joko ama mtungi mkubwa wa mvuke ili wanga wake ugeuke sukari. Inasagwa, juisi inatolewa, hamira inaingia. Hapo wazee wa Ukambani hawana kitu ya kufunzwa, juu uki wa miwa ama wa asali na muratina ni kazi ileile: sukari, muda, na kile kinachochachusha. Tofauti ni kwamba tequila inaendelea mbele, inapitishwa kwa mtambo angalau mara mbili hadi iwe kali.

Ikitoka hapo ikiwa nyeupe inaitwa blanco. Ikikaa kwa pipa la mti miezi miwili au zaidi ni reposado. Mwaka mmoja ni añejo. Miaka mitatu ni extra añejo, na hapo bei ya mzinga inaanza kukaa kaa kodi ya nyumba.

Jina ndio ganji

Hapa ndipo Meksiko walicheza kaa wao. Mwaka 1974 serikali yao ilitangaza kwamba neno "tequila" ni mali ya nchi na ni la sehemu maalum peke yake, ambazo saa hii ni Jalisco yote, na baadhi ya maeneo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Ukitengeneza nje ya hapo, hata agave ikiwa ya buluu na fundi akiwa wa Jalisco, hiyo si tequila. Mwaka 1994 likaundwa baraza la kusimamia, linaitwa CRT, na kila kiwanda kina namba yake inaanza na NOM, inaandikwa kwa chupa.

Halafu wakaenda kuitetea nje. Mkataba wao wa biashara na Marekani na Kanada ulioanza 1994 ukaitambua, na Jumuiya ya Ulaya wakakubaliana nayo 1997. Sheria za Shirika la Biashara Duniani nazo zinalinda majina ya mvinyo na pombe kali zenye asili ya mahali, na Kenya ni mwanachama tangu 1995. Mwaka 2006 UNESCO ikaweka mandhari ya mashamba ya agave na viwanda vyake vya zamani kwa orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi watalii hupanda treni kwenda mji wa Tequila kukunywa na kupiga picha.

Linganisha na sisi kidogo. Mwaka 2006 kampuni moja Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe lake. Ilibidi Wakenya na marafiki zao wapige kelele hadi ombi likaanguka. Wenzetu walienda kufunga mlango mapema. Sisi tulikimbia kuufunga mwizi akiwa ameshika komeo.

Lakini kuwa na jina hakumaanishi mkulima ndiye anakula. Jina ni la nchi, ila chupa ni za makampuni, na mengi makubwa si ya Meksiko. Patrón ilinunuliwa na Bacardi mwaka 2018, dili iliyoipa thamani ya dola bilioni 5.1. Don Julio ni ya Diageo ya Uingereza, jina ambalo Mkenya analijua kwa sababu ya EABL. Casamigos ilianzishwa 2013 na mwigizaji George Clooney na mabeste zake wawili. Miaka minne baadaye Diageo wakainunua kwa dola milioni 700, na ahadi ya zingine hadi milioni 300 mauzo yakienda fiti. Fikiria hivi: agave iliyopandwa siku Clooney alianza biznesi ilikuwa bado haijakomaa vizuri siku alilipwa.

Baada ya hapo kila staa akataka yake. The Rock akaleta Teremana 2020, Kendall Jenner akaleta 818 mwaka 2021.

Soko: nyumba moja, mlango mmoja

Mwaka 2023 Meksiko ilitengeneza karibu lita milioni 600 za tequila, na kama lita milioni 400 zikauzwa nje. Zinaenda wapi? Karibu chupa nane kwa kila kumi zinaingia Marekani. Zinazobaki zinagawanywa na dunia yote: Ujerumani, Uhispania, Kanada, Uingereza, na huko mwisho ndio kuna sisi na raundi yetu ya Ijumaa.

Kuwa na mteja mmoja mkubwa hivyo ni tamu akiwa na pesa. Wakati wa korona Wamarekani walikaa nyumbani wakakunywa, na kufikia 2023 tequila na mezcal zilikuwa zimepita whisky yao wenyewe kwa mauzo, zimebaki nyuma ya vodka tu. Halafu maisha ikapanda, watu wakapunguza chupa. Mwaka 2025 ikaja stori ya ushuru wa Trump kwa bidhaa za Meksiko. Tequila iliponea juu ya mkataba wa biashara wa nchi hizo tatu, lakini kwa miezi kadhaa watu wa Jalisco walilala jicho moja wazi. Mtu mmoja Washington akikohoa, kijiji kizima kinashikwa na homa.

Bei ilipanda, ikashuka, ikawaacha wakulima kwa mataa

Hii ndio sehemu nataka usome polepole.

Kati ya 2018 na 2022 agave ilikosekana. Kilo moja ikafika peso 30. Peso moja ni kaa bob saba hivi, kwa hivyo hiyo ni karibu bob 210 kwa kilo, na piña moja ina makumi ya kilo. Jalisco ikawaka. Wakulima wa mahindi wakang'oa mahindi. Wenye hawakuwahi guza jembe wakanunua mashamba. Misitu ikakatwa. Kila mtu akapanda agave, wote kwa miaka ileile.

Shida ni hesabu ya muda. Ukipanda 2019 kwa sababu bei ya 2019 ni tamu, unavuna 2025. Na wale wote walioona bei tamu 2019 wanavuna na wewe siku moja.

Ikatokea hivyo. Kufikia mwisho wa 2023 kulikuwa na zaidi ya lita milioni 500 za tequila zimekaa tu, hazijauzwa. Agave nayo ikafurika. Mwaka 2024 wale hawakuwa na mkataba na kiwanda walianza kuuza kilo kwa peso tano, na wengine wakashuka chini ya hapo. Wengine waliacha mmea uozee shambani, juu kulipa jimador na lori ni ghali kuliko mavuno yenyewe.

Tupige hesabu ya haraka. Lita moja ya tequila safi inakula kaa kilo saba za piña. Shoti ya mililita 30 basi inakula gramu 210. Bei ikiwa peso 30, agave ndani ya shoti yako ilikuwa ya karibu bob 44. Bei ikiwa peso tano, ni bob saba. Sasa jiulize: shoti kwa klabu yenu ilishuka bei 2024?

Haikushuka. Hiyo tofauti iliishia njiani: kiwanda, mwenye chapa, matangazo, meli, ushuru, msambazaji, mwenye klabu. Mkulima alishikilia hatari yote kwa miaka sita, na bei ikianguka anaanguka peke yake.

Binamu wa tequila yuko kwa ua ya susu

Mkonge, ama katani kaa unataka kuongea Kiswahili cha mtihani, ni Agave sisalana. Nayo imetoka Meksiko. Jina lake la kizungu lilitokana na Sisal, bandari ndogo ya Yucatán ambako ilikuwa inapakiwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg hadi Tanga. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Hizo 62 ndizo zilizaa mashamba ya Tanganyika, na kutoka huko mkonge ukavuka hadi Kenya: Makuyu, Thika, Taita Taveta, Kilifi, Mogotio, na Kibwezi pale Makueni.

Ukambani mkonge uliingia hadi kwa boma. Ukawa ua, ukawa mpaka wa shamba, ukawa wa kuzuia mchanga usibebwe na mvua. Na ukawa kyondo. Kina susu walikwangua majani, wakasokota nyuzi kwa paja, wakasuka vyondo vilivyolipa karo ya wengi wanaojiita watu wa jiji saa hii.

Na mkonge ushaonja hiyo stori ya bei. Wakati wa vita vya Korea, mwanzo wa miaka ya 1950, dunia ilitaka kamba na bei ikaruka juu kabisa. Halafu nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, na kufikia miaka ya 1970 mashamba mengi Afrika Mashariki yalikuwa yamelala. Mkonge wa Kenya bado unauzwa nje, na Nigeria ni kati ya wanunuzi, huko nyuzi zinachanganywa na jasi kutengeneza dari. Lakini ile raha ya zamani haijawahi kurudi.

Kahawa nayo unaijua. Kangundo na Matungulu zilikuwa kahawa tupu. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei yalivunjika, bei ikaanguka, na kidogo kidogo miti ikang'olewa. Ukipita na mat saa hii kutoka Ruai, Kamulu, Joska hadi Tala, hesabu mabango ya ploti zinauzwa. Kuna wazee bado wanaongelea kahawa kaa mtu anaongelea eksi wake.

Kwani hatuwezi tengeneza yetu?

Jina "tequila" sahau. Wasauzi wana agave jangwani Karoo na wanatengeneza pombe yake, lakini kwa chupa wanaandika pombe ya agave. Hata wewe ukipata leseni zote za Kenya, "Kangundo Tequila" haitaenda mahali.

Na usijaribu nyumbani na mkonge wa ua. Kutengeneza pombe kali bila leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya 2010, na kushikwa ndio sehemu nafuu. Juni 2005, hapahapa Machakos, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 40, na kuna waliobaki vipofu. Methanoli haina harufu ya kukuambia kimbia. Ni maji tu kaa maji mengine.

Kama unataka kuona mkonge ukifanya kitu mpya, angalia Tanga. Jani la mkonge lina nyuzi asilimia nne hivi, hiyo ingine yote hutupwa. Pale Hale waliweka mtambo unaogeuza hayo mabaki kuwa gesi, na gesi kuwa stima. Si sherehe, lakini ni mali iliyokuwa inaoza.

Kabla uuziwe miche

Unakumbuka kware? Mwaka 2013 kila msee alikuwa na kizimba, mayai yanaponya kila kitu, vibali vya KWS vinapigiwa foleni. Mwaka uliofuata ndege walikuwa wanapewa watu bure na hawachukui. Waliotajirika ni wale walikuwa wanauza vifaranga.

Kwa hivyo siku mtu atasimama Kangundo na suti na karatasi zinang'aa akuambie agave ni dhahabu ya kijani, ama ni mmea mwingine wowote, muulize haya:

1. Nani atanunua, na ameandika wapi? "Soko liko" si mkataba.
2. Inachukua miaka mingapi, na nitakula nini hiyo miaka yote?
3. Ni watu wangapi wanapanda mwaka huu? Kaa ni wengi, utavuna na wao.
4. Mnunuzi akikosa, naweza kuiuza kwa nani mwingine? Mahindi utakula. Piña hutakula.
5. Wewe unaenisha pesa kwa mavuno yangu, ama kwa miche unaniuzia leo?

Akianza kukasirika kwa swali la tano, beba mkoba wako uende.

Na kabla uitishe raundi

Kwa wale wako miaka 18 na kuendelea na bado mnaenda Ijumaa, angalia vitu vitatu kwa mzinga kabla ufunguliwe. Moja, stika ya KRA: iskani na programu ya Soma Label uone kaa inalingana na kilicho ndani. Mbili, maneno "100% agave", juu hiyo ndiyo lazima ijazwe kwa chupa hukohuko Meksiko, ile ya mchanganyiko inaruhusiwa kusafirishwa kwa matangi na kujazwa kwingine. Tatu, namba ya NOM. Mzinga ukikosa hizo na bei ni ya kutupa, hiyo bei ina sababu.

Raundi ikifika, chumvi na ndimu ni hiari yako. Bob saba za mkulima wa Jalisco ziko ndani ya glasi. Zingine zote ni za watu wa katikati, na bili bado ni yako.